Shangazi Nijibu: Napenda mahame, je nina kasoro?

*Swali:* Shangazi shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 24, naendesha boda huku Kongwa. Tangu nimepata simu yenye kamera nzuri, siku ambazo abiria hakuna nakuta nimeshafika kwenye mahame, yale majengo ya zamani na matembe, zile nyumba za udongo, yaliyobomoka, napiga picha kutu, nyufa, rangi inayobambuka ukutani, hata kichwa cha alizeti kilichokaukia shambani. Mama anasema naita mikosi manake mahameni wanakaa mizimu, mke wangu anasema mtu mzima anayependa vilivyooza huyo kichwani hayuko sawa. Nina shida gani?

*Jibu:* Marahaba mwanangu, na kwa Kigogo nawasalimu, mbukwenyi wote hapo nyumbani. Shida huna. Una macho, na hayo macho yanataka kujua, ndio maana yanakurudisha kule kule.

Anza na hicho kichwa cha alizeti. Kesho kaa nacho chini, hesabu ile mistari ya mbegu inayozunguka kuelekea kulia, afu hesabu inayozunguka kushoto. Vichwa vingi utapata 34 upande mmoja na 55 upande wa pili, kikiwa kikubwa utapata 55 na 89. Hakuna aliyekuja kuipanga. Kila mbegu mpya inachipua ikiwa imegeuka kama digrii 137 na nusu kutoka kwa mwenzake aliyetangulia, basi inajikuta iko pale penye nafasi, na kichwa kinajaa bila pengo. Sisi watu wa Dodoma na Singida tumelima alizeti miaka yote hiyo tunachowaza ni gunia litatoa mafuta kiasi gani, na mchoro wote ule unaenda mashineni hatujautazama hata mara moja, kwa kweli mi inaniuma.

Au shuka ukingoni mwa bwawa la Hombolo mwezi wa kumi, maji yakiwa yamerudi nyuma. Tope lenye mfinyanzi likikauka linasinyaa, linavutana kila upande, likishindwa linapasuka. Ufa wa kwanza unakwenda mrefu, wa pili unakuja unamgonga yule wa kwanza kama herufi T, ndio maana tope lililokauka mara moja tu vipande vyake vina kona kama za tofali. Lakini pale panapolowa na kukauka, kulowa na kukauka, zile nyufa zinahama kidogo kidogo mpaka zinakutana tatu tatu na vipande vinaanza kufanana na sega la nyuki. Kwa hiyo ukisimama hapo ukatazama chini, unasoma historia ya mvua kwenye udongo, wala hujamuuliza mtu.

Na we unakaa Kongwa bwana! Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapo na mpango wao wa karanga, matrekta, mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wang'oe pori walime karanga. Ardhi ya huko kiangazi inakauka inakuwa ngumu kama tofali, majembe ya chuma yakawa yanaisha, mvua nayo haikuja kama walivyotarajia, kufika 1951 wakaacha, wamepoteza kama pauni milioni 36. Sasa ukipiga picha chuma chenye kutu hapo kumbuka hiyo kutu ni chuma kinachoungana na hewa na maji, pole pole, na haina haraka kama walivyokuwa na haraka wale jamaa. Mibuyu mingine waliyoikuta bado iko.

Sasa mama. Mama usimbishie. Mi bibi yangu alikuwa na tembe, alipofariki nyumba ikabaki wazi, tukaenda baada ya masika mawili. Paa ndilo lilianza, manake paa la tembe ni miti na udongo juu yake, likikosa mtu wa kulikandika upya maji yanapata njia, mchwa wanamalizia miti, linashuka lote. Ila ukuta wa ndani ulikuwa umesimama, na kwenye udongo niliona alama za vidole vinne, mkono wa bibi alipokuwa anakandika, vimepita kwa upinde kutoka kushoto kwenda juu, kile cha mwisho kimekwama kidogo kwa sababu kidole chake cha mwisho kilikuwa hakikunjuki vizuri. Nikaweka vidole vyangu humo. Masika iliyofuata ukuta ule haukuwepo. Kwa hiyo mama anaposema kule kuna watu, mi namwelewa, kulikuwa na watu. Hata Kolo kule Kondoa, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, rangi inafifia na watu bado wanakwenda kufanya tambiko.

Basi we piga hodi. Hata pakiwa hapana mlango, piga. Kabla hujaingia kwenye gofu mpitie mwenyekiti wa kitongoji umwambie unapiga picha tu, la sivyo watu watasema unatafuta mali ya Mjerumani na utapata matatizo makubwa kuliko mizimu. Usibebe kitu, hata msumari. Usiegemee ukuta, angalia nyuki na nyoka, na pale nyasi zilipostawi kuliko kwingine tembea na fimbo unapapasa, panaweza kuwa na shimo la choo cha zamani.

Na mke wako mpakie kwenye boda siku moja uende naye. Usimwonyeshe kwenye simu, picha ya kutu kwenye simu kweli ni kutu tu. Mpeleke kwenye mbuyu uliokufa, mti ule unaoza kuanzia ndani, ukianguka haubaki gogo, unabaki rundo la nyuzi nyuzi kama kamba zilizofumuliwa. Mwache azishike.

*Swali:* Shangazi, na mi napiga hizo picha ila ukuta unatoka bapa, nyufa hazionekani. Nakosea wapi? — Msomaji, Chamwino

*Jibu:* Saa, mdogo wangu. Saa sita mchana jua liko utosini, vivuli hakuna. Nenda saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa linapiga ubavuni, kila ufa utapata kivuli chake. Zima flashi. Afu ukipata tope la Hombolo nitumie, nataka kuona zile nyufa zinakutana mbili au tatu.