Nazi asubuhi, nazi jioni, na nywele bado kavu

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 24, niko Makorora hapa Tanga. Miaka mitatu iliyopita niliacha dawa ya kulainisha nywele nikanyoa, sasa nina nywele zangu za asili, kipilipili hasa. Nazipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni, naziosha kwa sabuni ya mche na maji ya kisima cha nyumbani. Lakini ni kavu kama makumbi, na urefu umegoma masikioni tangu mwaka jana. Mama mkwe anasema zangu ni za aina isiyokua. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkweo nisimkosee adabu, lakini hapo sikubaliani naye. Enzi zile za dawa, si ulikuwa unaritachi, yaani kupaka dawa kwenye nywele mpya zilizoota, kila baada ya wiki kadhaa? Ulikuwa unaritachi nini, kama hakuna kilichoota?

Nywele zetu huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, pengine pungufu kidogo. Kwa miaka mitatu zimeshatoka kama sentimita 30. Nyingine umezificha mwenyewe bila kujua, maana kipilipili kikikauka hujikunja hata kikaonekana nusu ya urefu wake. Zilizobaki zimekatika. Tandika kitambaa cheupe siku ukichana, uzitazame zilizoanguka. Unywele mrefu wenye kitone cheupe upande mmoja umemaliza muda wake, huo usikutie hofu. Vipande vifupi visivyo na kitone ndivyo vinavyokula urefu wako. Nadhani utavikuta vingi.

Sasa hayo mafuta. Mafuta si maji, mwanangu. Ukiyapaka juu ya nywele kavu, umefunga mlango na mgeni bado yuko nje. Nazi ni nzuri, tena ni miongoni mwa mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele, ila saa yake ni usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Hapo huzilinda nywele zisinyonye maji kupita kiasi na kudhoofika.

Kinachonisumbua zaidi ni hicho kisima. Sehemu kubwa ya Tanga imekalia mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yenyewe ni chokaa iliyoliwa na maji. Tazama ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe ndio ushahidi. Chokaa hiyo ikikutana na sabuni ya mche, povu linagoma na unabaki utando unaoganda kwenye nywele. Sabuni yenyewe ina magadi makali, inanyanyua magamba ya unywele na unyevu unatoroka. Mche uache kwa nguo. Tafuta shampuu isiyo kali, uoshe mara moja kwa wiki, na masika yakifika kinga maji ya mvua, hayo hayana chokaa. Kama ni kisima tu, suuzia maji yenye siki: vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, kisha maji matupu. Ndimu usijaribu. Juisi yake ikibaki kwenye ngozi ukatoka juani, utaungua.

Paka kondishena, gawa mafungu manne, tenganisha kwa vidole kwanza, kisha chanuo la meno mapana kuanzia nchani kupanda juu. Kuchana kipilipili kikavu kuanzia kwenye mizizi ni kukikata, hata mkono uwe mwepesi vipi. Zikiwa bado mbichi pakaa losheni ya nywele, halafu mafuta kidogo juu yake, uzidishe kwenye ncha. Hapo ndipo mlango unafungwa na mgeni akiwa ndani. Suka mabutu au twende kilioni, ukae nazo wiki mbili, siku ya kuosha katikati uzioshe zikiwa zimesukwa hivyo hivyo. Kila siku mkononi, kila siku zinakatika.

Msusi asikukaze. Mteja akiniambia alimeza dawa ya maumivu ndipo akalala, namfumua hapohapo, hata kama si mimi niliyemsuka. Vipele kwenye paji ni onyo; nywele za pembeni zikivutwa miaka mingi huweza kung'oka zisirudi tena.

Ushungi wa pamba hunyonya unyevu na kusugua kisogo. Muombe fundi cherehani kipande cha satini ukivae chini yake, na usiku pia. Usijifunge zikiwa mbichi, zitanuka.

Mwisho wa mwezi zisuke uzi usiku mmoja zinyooke bila moto. Fumua, vuta fungu la kisogoni, tia alama lilipofika. Pima tena baada ya miezi mitatu. Likiwa palepale, rudi kwenye kitambaa cheupe. Ukiona mabaka yasiyoota kitu, au muwasho na magamba mazito, hilo si la msusi tena, nenda hospitali.