Darubini ya bei chee mtandaoni, ninunue?

SWALI: Assalaam alaykum. Nimeona mtandaoni darubini ya shilingi 95,000, wanasema inakuza mara 675, lenzi ya mbele milimita 50, na stendi juu yake. Mwanangu anapenda nyota kweli, ninunue? (Mama, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam bibie. Hiyo iache. Hiyo 675 ndo inanitia shaka, maana darubini inapimwa kwa upana wa lenzi au kioo kinachokusanya mwanga, na kwa kawaida kila milimita haizidi kukuza mara 2, kwa hiyo milimita 50 mwisho wake kama mara 100 hivi, ukizidisha hapo mtoto ataona ukungu tu. Na stendi za bei hizo zinatikisika, ukigusa kidogo tu mwezi umeshapotea, mtoto anakata tamaa, mie inaniuma sana hii.

Bora utafute binokula, zile darubini za macho mawili, za 7x50 au 10x50 (yaani zinakuza mara 7 au 10, lenzi za mbele milimita 50), hata mtumba, ila uzishike kwanza utazame mnara wa mbali, ukiona viwiliviwili usichukue. Nje ya mji giza la Pemba ni neema, ataona mashimo ya mwezini, na akiegemeza ukutani zisicheze ataona hata miezi 4 mikubwa ya sayari ya Mshtarii (Jupita). Pete za sayari ya Zohali (Satani) kwa binokula hazionekani, zinataka darubini, ya milimita 70 yenye stendi imara inatosha kuanzia.

Jua asilitazame kabisa! Zipo darubini zinakuja na kichujio kidogo cha jua cha kufunga upande wa jicho, hicho kinaweza kupasuka kwa joto na jicho likaungua, kitupe.