Koti la Kensington

SWALI: Mhariri, shikamoo. Baba yangu, ambaye sasa ana miaka 78, alikuwa London kwa masomo ya ufundi mwaka 1969. Amekuwa akitusimulia kwamba siku moja ya baridi kali aliingia katika soko la Kensington, akanunua koti la mtumba kwa kijana mwembamba mwenye nywele nyeusi na meno ya mbele yaliyochomoza, na kwamba miaka kadhaa baadaye, alipoona gazetini picha ya Queen, kundi la muziki wa roki la Uingereza, alitambua kuwa kijana yule ndiye mwimbaji wao, Freddie Mercury. Ndugu zangu humcheka, naye siku hizi ameacha kusimulia. Je, jambo hili linawezekana?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, na mfikishie mzee salamu zangu. Imenisikitisha kusikia kwamba amenyamaza, kwa sababu anayoyasema yanawezekana kabisa.

Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, akasoma shule ya bweni huko Panchgani, India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Feltham, magharibi ya London. Alipomaliza chuo cha sanaa cha Ealing mwaka 1969, yeye na mpiga ngoma Roger Taylor walikuwa na kibanda cha nguo, zikiwemo za mtumba, katika soko hilo hilo la Kensington. Kundi la Queen lilianza mwaka 1970, na albamu yao ya kwanza ikatoka mwaka 1973.

Kinachonifanya nimsikilize mzee wako ni kwamba hasemi kuwa alitajiwa jina. Lau angedai kwamba muuzaji alijitambulisha kuwa Mercury, ningetia shaka, kwa kuwa wakati ule kijana huyo alikuwa bado Freddie Bulsara. Mzee anakumbuka meno, nywele na baridi, yaani mambo ambayo mnunuzi wa koti angeyaona kweli.

Hata hivyo, ile picha ya gazetini inanitia wasiwasi, na sababu yake naijua kwa yaliyonipata mimi mwenyewe. Nikiwa mtoto hapa Tanga nilikuwa nikipanda mwembe uliokuwa nje ya ukumbi wa dansi ili niwaone Jamhuri Jazz, bendi ambayo Wilson na George Kinyonga waliipigia kabla ya kuhamia Arusha mwaka 1970, kisha Kenya, walikoanzisha Simba Wanyika. Usiku mmoja uzi wa gitaa ulikatika katikati ya wimbo, na mpigaji akaendelea kwa nyuzi zilizobaki bila kuinua macho. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kuwa mpigaji huyo alikuwa Wilson Kinyonga, mpaka siku nilipogundua kwamba uso niliokuwa nao akilini ulitoka kwenye jalada la santuri niliyoinunua nikiwa mtu mzima. Uzi uliokatika niliuona kwa macho yangu, uso niliuazima.

Kwa hiyo keti na mzee, mkiwa wawili tu, wala usimwonyeshe picha yoyote. Muulize alilipa kiasi gani, koti lilikuwa la rangi gani, kibanda kilikuwa sehemu ipi ya soko, waliongea nini walipopatana bei, na nani mwingine alikuwapo. Andika maneno yake kama anavyoyatamka, hata yanapogongana. Roger Taylor alikuwa na nywele za rangi ya dhahabu. Mzee akimtaja mwenyewe kijana wa namna hiyo, bila wewe kumdokezea, ndugu zako watakuwa na sababu nzuri ya kuacha kucheka. Ndiyo maana nakusihi usimsomee jibu hili mpaka utakapomaliza kuandika.

Na kama koti lenyewe bado limo sandukuni, tafadhali lipige picha utuletee. Halitatuambia liliuzwa na nani, lakini ningependa sana kuliona.