Pikipiki DT 125 iliyolala Pongwe: usikimbilie kiki
Kaka, hiyo Yamaha DT 125 unayouziwa, iliyolala uani Pongwe miaka mitatu, usiipige kiki kwanza. Chomoa plagi, tia oili kijiko kimoja kwenye tundu lake, kesho yake zungusha injini taratibu. Ikigoma, rudi mkapatane bei upya. Kabureta fungua mwenyewe: vitundu vya jeti, vinavyopitisha petroli, huziba kwa petroli iliyoganda. Pulizia upepo, usichokonoe na waya. Tangi langu nilitoa kutu kwa siki na kiganja cha nati, nikatikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Na kwa kuwa ni tustroki, injini inayochoma oili pamoja na petroli, pampu ya oili usiiamini mpaka uione inasukuma. Kwa sasa changanya oili na petroli. Rangi baadaye, bwana.