Ukisimuleti daiodi ya Schottky, anza na pale mpakani

Kama ndo unaanza kusimuleti (kuigiza kwa kompyuta) metali ikikutana na semikondakta, ambayo ndo daiodi ya Schottky yenyewe, nakusihi usikimbilie kuchora kifaa kizima cha 3D. Chora mstari mmoja tu, 1D, ukae na ule mpaka wa metali na semikondakta hadi uuelewe.

Mi nilichora hadi kipande cha alumini nikakiwekea meshi (vipande vidogo vya kupigia hesabu, yaani elementi), kumbe haikuhitajika, kwa kawaida metali unaiingiza kama sharti la mpakani tu (kanuni unayoiwekea ile kingo), na kwenye programu niliyotumia sharti lenyewe lilikuwa limeshawekwa omiki, yaani mkondo unapita pande zote bila kizuizi, tangu mwanzo. Grafu ya mkondo ikatoka imenyooka kama rula, mbele na nyuma sawasawa. Nikabadilisha kuwa Schottky, nikaweka namba za kitabuni: kung'oa elektroni kwenye alumini ni eV (elektronivolti, kipimo cha nishati) 4.28, mvuto wa silikoni kwa elektroni ni 4.05, ukitoa unabaki na kizuizi, yaani ukuta wa nishati ambao elektroni inabidi iuruke, cha 0.23. Hapo ndo nilipoteza siku nyingi sana. Kizuizi kinachopimwa maabara kwa alumini juu ya silikoni ya aina ya n (ambayo mkondo unabebwa na elektroni) ni kama eV 0.7, kwa sababu hali za elektroni pale kwenye uso zinakishikilia kiwango cha Fermi (kimo cha nishati ambacho elektroni zimejaa hadi hapo) kisisogee, na kwa joto la chumbani kila eV 0.06 ni mkondo mara 10, kwa hiyo nilikuwa nimekosea karibu mara milioni 100! Kizuizi kiandike mwenyewe kutoka kwenye vipimo, usiiachie programu ikipige hesabu.

Halafu meshi. Ukidopu, yaani ukichanganya silikoni na atomi za kuipa elektroni, atomi 10^16 kwa kila sentimita ya ujazo, eneo lililokimbiwa na elektroni lina upana wa kama mikromita 0.25, na ndani ya hapo idadi ya elektroni inashuka kutoka 10^16 hadi chini ya 10^8. Elementi zangu zilikuwa za nanomita 100, solva (sehemu ya programu inayotatua milinganyo) ikagoma kabisa. Siku hizi naanza na nanomita 2 pale mpakani, nazipanua taratibu kuelekea ndani, na natumia fomula ya logi ya elektroni, yaani programu inatafuta logi ya idadi yao badala ya idadi yenyewe. Volteji naianzia sifuri, napanda volti 0.05 kwa 0.05, kila jibu linakuwa mwanzo wa hatua inayofuata.

Ukimaliza chora logi ya mkondo upande wa mbele. Kwenye volteji ndogo inatakiwa ipande mara 10 kila milivolti 60 hivi, isipofanya hivyo rudi mpakani, 3D bado.