Mtondo, mjomba na jua la asubuhi: majibu kwa wasomaji

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa neno la Kiingereza "overmorrow", maana yake keshokutwa, ambalo Waingereza waliliacha zamani sana. Barua zilizokuja zimenifurahisha mno. Leo najibu sita.

Shikamoo Mwalimu. Hilo "overmorrow" ni neno kweli, au limetungwa na vijana wa mtandaoni? Nimelitafuta kwenye kamusi ya shule ya mwanangu, silioni. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Ni neno kweli, tena la siku nyingi. Limo katika Biblia ya Miles Coverdale ya mwaka 1535, ambayo ndiyo Biblia kamili ya kwanza kupigwa chapa kwa Kiingereza. Lifuate katika kitabu cha Tobiti: ni usiku wa harusi, Tobia anamwambia mkewe Sara ainuke wamwombe Mungu leo, kesho na "ouermorow", kama walivyoliandika wakati huo. Wajerumani hadi leo wana "übermorgen" na wanalitumia kila siku. Mwingereza wa sasa analazimika kupanga maneno manne kusema siku hiyo hiyo moja.

Sisi keshokutwa tunalo. Ila hatua inayofuata tunaiacha ipotee mbele ya macho yetu. Siku baada ya keshokutwa ni mtondo, na baada ya mtondo ni mtondogoo. Bibi yangu alikuwa akipanga safari huzihesabu kwa vidole, akianza na kidole cha mwisho: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo, kisha gumba anaufumbata, kwamba zaidi ya hapo ni mipango ya Mungu. Nilipokutana na "overmorrow" kwa mara ya kwanza, mkono ule ndio ulionijia, wala si Coverdale.

Mwalimu, neno linakufaje wakati kitu chenyewe bado kipo? (Msomaji, Mombasa)

Mara nyingi linasukumwa na neno jingine lenye hadhi. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na maneno mengi ya wenyeji yakaanza kurudi nyuma polepole.

Chukua ndugu wa wazazi. Kiingereza cha kale kilikuwa na "eam", mjomba, na "fædera", ndugu wa baba, yaani amu kama mnavyosema huko kwenu. Shangazi aliitwa "faðu", na dada wa mama "modrige". Watu wanne, majina manne, sawasawa na kwetu. Yakaja "uncle" na "aunt" kutoka Kifaransa, na yale manne yakamezwa. Na ukichimba zaidi unakuta jambo la ajabu: "uncle" limetokana na neno la Kilatini "avunculus", ambalo kwa Warumi lilikuwa mjomba tu, wala si ndugu wa baba. "Aunt" nalo limetokana na "amita", shangazi tu. Siku niliyolijua hilo nilifunika kitabu nikakaa kimya. Watu waliokuwa wakijua tofauti walichukua maneno ya watu wengine waliokuwa wakijua tofauti, na tofauti ikapotea njiani.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nawasikia watoto wetu. Ndugu wa baba ni anko. Ndugu wa mama ni anko. Dereva wa bodaboda naye ni anko. Mjomba ana kauli yake kwenye posa ya mpwa wake katika koo nyingi za kwetu. Sasa mtoto atamjuaje kama hana jina la kumwitia? Na wangapi mijini bado wanasema "mpwa"? Mwenye watoto nyumbani na aanze leo. Haina gharama yoyote.

Kati ya hayo yaliyosahaulika, lipi unalipenda kuliko yote? (Msomaji, Dodoma)

"Apricity". Henry Cockeram alilitia katika kamusi yake ya mwaka 1623 na kulieleza kwa maneno machache sana: joto la jua wakati wa baridi. Alilichota kwenye Kilatini, lakini watu hawakulipokea.

Nilifundisha miaka sita Makete. Kule mwezi wa Julai nyasi huamka na sakitu, na chaki inaponyoka mkononi kwa ganzi. Jua lilipofika ukuta wa darasa, wanafunzi waliuegemea kwa mstari, mikono wameivuta ndani ya mikono ya sweta, macho wamefumba, hakuna anayezungumza. Ukimwuliza mmoja anafanya nini, anakujibu: "Naota jua, Mwalimu." Cockeram ilimbidi aende hadi Roma. Sisi kitenzi tunacho, ni kile kile cha kuota moto, na mtoto wa darasa la pili anakijua. Nilipolisoma "apricity" miaka mingi baadaye niliusikia ule ukuta mgongoni.

Binti yangu ameandika "forsooth" kwenye insha ya Kiingereza, mwalimu wake akamkata alama. Ni haki? (Msomaji, Mwanza)

Ni haki. Neno hilo ni la zamani, maana yake "kwa hakika", na mtihani unapima Kiingereza cha leo. Lakini mnunulie huyo binti daftari zuri la kuandikia maneno yake.

Kamusi kubwa zinaweza kupitwa na neno, au hata kukosea? (Msomaji, Nairobi)

Zinaweza. Ile kamusi kubwa ya Oxford ilianza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na ikakamilika mwaka 1928. James Murray aliiongoza hadi alipofariki mwaka 1915. Watu wa kujitolea walituma vikaratasi kwa mamilioni, kila kimoja na neno pamoja na sentensi lilimopatikana. Vikaratasi vya "bondmaid", yaani mjakazi, vikapotea, na sehemu ya herufi B ikachapwa bila neno hilo. Si kwamba lilikuwa geni: limo katika Biblia yao, pale Wagalatia inapotaja wana wawili wa Abrahamu, mmoja kwa mjakazi na mmoja kwa mwungwana. Lilisubiri hadi nyongeza ya mwaka 1933. Hilo huniuma kila nikilikumbuka, kwamba lililoanguka mezani ni jina la mwanamke ambaye hata uhai wake haukuwa mali yake.

Kukosea nako kupo. Kamusi ya Webster ya Marekani, toleo la mwaka 1934, ilikuwa na neno "dord" lenye maana ya densiti, yaani uzito wa kitu kwa kulinganisha na ukubwa wake. Hakuna neno kama hilo. Kikaratasi kilisema "D or d", yaani herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha densiti. Mtu akaziunganisha herufi. Mwaka 1939 mhariri mmoja aliona neno halina asili yoyote iliyoandikwa, akalifuatilia hadi akagundua.

Mwalimu, mume wangu yuko Oman kikazi mwaka wa pili sasa. Kila siku naamka saa kumi usiku na usingizi haurudi, nawaza tu. Hali hii ina neno? (Msomaji, Tanga)

Pole sana mwanangu. Kiingereza cha kale kilikuwa nalo: "uhtceare". "Uht" ni kile kipande cha mwisho cha usiku kabla hakujapambazuka, na hiyo "h" wakiitamka kama kh yetu ya "kheri". "Ceare" ni hangaiko la moyo. Ndilo lililozaa "care" ya leo.

Limo katika shairi lililonakiliwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, katika kitabu kinachotunzwa kwenye kanisa kuu la Exeter. Anayesema ni mwanamke. Mumewe ameondoka, amevuka mawimbi, naye anasema alikuwa na "uhtceare", asijue bwana wake yuko nchi gani. Mbele kidogo anasema saa hizo hutembea peke yake chini ya mwaloni. Jina lake hatulijui, ila saa yake ndiyo hiyo yako.

Wewe unajua wako yuko wapi. Saa kumi ya Tanga ni saa kumi na moja ya Oman, na huenda ameshaamka kwa swala au kwa kazi. Mpigie.