Miguu Ikivimba, Fungua Kwanza Mfuko wa Dawa

Mzazi anayetumia vidonge vya presha akianza kuvimba miguu, kabla hamjambebesha lawama figo au chumvi, mwageni dawa zake zote mezani mzitazame. Mama yangu alikuwa anaamka vizuri, ikifika magharibi viatu haviingii. Ukimbonyeza kwa kidole gumba juu ya ugoko, shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa. Majirani walishahukumu: amekanyaga kitu.

Aliyetufumbua macho ni mfamasia. Alishika paketi ya amlodipini akauliza, "Hii mlipandishiwa lini?" Kweli, alikuwa ametolewa miligramu 5 akapewa 10, na miguu ilianza baada ya hapo. Dawa hii hutanua mishipa midogo inayoleta damu, ndiyo presha inashuka. Inayorudisha damu haitanuki kwa kiasi hicho, basi maji yanavuja na kutuama chini, kwenye vifundo. Ndiyo maana vidonge vya kukojoza, vile watu wanavyojinunulia tu dukani, havifui dafu hapo: mwili haukuzidiwa na maji, yamehamia pasipo pake. Tena vinaweza kukumalizia potasiamu.

Nifedipini nayo ni ya ukoo huohuo. Na ulizia diklofenaki, zile za maumivu ya magoti, maana wazee wetu hawazihesabu kuwa dawa. Zinabakiza chumvi na maji mwilini na kupandisha presha.

Lakini usimwachishe mtu dawa ya presha kwa kichwa chako, utamtafutia kiharusi. Rudini kliniki na paketi zenyewe, si maelezo ya "kile cheupe kidogo". Mama alirudishwa kwenye 5, akaongezewa losatani, dawa nyingine ya presha, uvimbe ukapungua taratibu. Kuweka miguu kwenye kigoda kulimsaidia kidogo sana. Bora mgonjwa alale chali, miguu juu ya mito hadi ipite usawa wa moyo.

Mambo mengine hayangoji. Mguu mmoja tu umevimba, shavu la mguu huo linauma na lina joto: huenda damu imeganda, hospitali leo hii. Anayekosa pumzi akilala apimwe moyo. Anayeamka uso umejaa na mkojo una povu, figo. Mjamzito aliyevimba uso na mikono, kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu, asisubiri tarehe ya kliniki, apelekwe hata usiku.